Punguza Mbio, Mwanangu

"Punguza! Punguza mbio, mwanangu!"

Sauti ilitoka nyuma, upande wa wazee. Mwingine akadakia: "Waachie wawili hao wapite!" Haukupita muda, kiwanja kizima kilikuwa kinampigia kelele mtoto wa Tehran asije akashinda.

Ilikuwa nyuma ya nyumba moja hapa Langoni, mtaa wa Lamu. Vijana walitundika shuka jeupe ukutani, wakaweka projekta ya kuazima juu ya meza ya kuuzia samaki, meza iliyosuguliwa ikasuguliwa na bado ikinuka, na spika mbili zilizozoea harusi. Wanaume tulikuwa chini kwenye majamvi, wanawake darini kwa jirani. Filamu ilikuwa Children of Heaven ya Majid Majidi, ya mwaka 1997. Ali amepoteza viatu vya dada yake Zahra. Nyumbani hakuna pesa, na baba hafai kuambiwa, basi ndugu hao wawili wanavaa raba moja kwa zamu: Zahra asubuhi, Ali mchana. Kisha yanatangazwa mashindano ya mbio, na katika zawadi za mshindi wa tatu mna raba mpya.

Siyo wa kwanza. Wa tatu.

Kwa hiyo Ali anakimbia kwa hesabu: awapite wote, abaki nyuma ya wawili. Na mwisho, katika kusukumana na kuanguka na kuinuka, anasahau hesabu na kuukata utepe.

Akawa wa kwanza.

Watu wazima wanambeba, wanampiga picha, naye kainamisha kichwa analia. Kiwanja chetu kikanyamaza. Karibu yangu alikaa mzee mmoja, nahodha aliyestaafu. Miezi michache nyuma nilimwona akimzika nduguye kwa macho makavu, akipeana mikono na watu na kusema "Alhamdulillahi, ndiyo ahadi yake." Sasa kashika ncha ya kikoi anajifuta uso, na mabega yanamtikisika. Wala hakujificha.

Kwa ajili ya raba!

## Macho makavu

Jambo hilo limenikaa kichwani kwa wiki kadhaa.

Kwetu mwanamume hufundishwa tangu udogoni namna ya kukaa msibani. Machozi ya kimya dini haiyakatazi. Kinachokatazwa ni kuomboleza kwa makelele na kujipiga. Lakini mila imejiongezea yake juu, hata siku hizi tone moja likimponyoka mtu mzima kuna wa kumnong'oneza asubiri. Simlaumu yeyote. Nilichoshindwa kukielewa ni vipi mtu anayeweza kusimama imara juu ya kaburi la nduguye wa tumbo moja ashindwe kusimama mbele ya shuka lililotundikwa kwa kamba ya mashua.

Nikamweleza rafiki yangu mwalimu, tukiwa tunakunywa kahawa. Yeye hapendi sinema, na anapenda kusema kwamba hapendi.

"Machozi ya sinema ni rahisi, bwana," akasema. "Unalia, unajiona mtu mwema, unakwenda zako kulala. Nani amenunuliwa viatu?"

Sikuwa na jibu. Na baya zaidi, hoja yake ina wenyewe wakubwa. William James, mwanafalsafa wa Marekani, katika kitabu chake cha saikolojia cha mwaka 1890, anatoa mfano wa bibi mmoja wa Kirusi ndani ya ukumbi wa michezo. Bibi analia kwa huruma juu ya watu wa kubuni walioko jukwaani, na nje mtumishi wake anayeendesha gari la farasi anakufa kwa baridi kitini akimngoja.

Nilipousoma mfano huo niliwakumbuka watoto wa safu ya mbele usiku ule. Wengi wao walikuwa pekupeku. Hakuna aliyewalilia. Wao wenyewe, kwa kweli, ndio waliokuwa wakicheka kuliko wote.

## Nusu yake ni giza

Nikaanza kusoma habari za sinema, nikitafuta pa kumjibia mwalimu.

Tarehe 28 Desemba 1895, ndugu wawili wa Kifaransa, Auguste na Louis Lumière, walitoza watu kiingilio pale Paris ili waone picha zinazotembea. Kila filamu haikufika hata dakika moja. Mashine zimebadilika mno tangu hapo, lakini ujanja ni ule ule: picha zilizoganda zinafuatana, jicho linaziunga. Ilipokuja sauti, kasi ikawekwa picha 24 kwa sekunde.

Kilichonishangaza zaidi ni habari ya zile projekta za mkanda. Kila mkanda unaposogea kutoka picha hii kwenda ile, kuna kibao kinachozunguka na kuziba taa, ili mtu asione picha ikiburutwa. Ukijumlisha yote, karibu nusu ya muda ambao mtazamaji alikaa ukumbini alikuwa anatazama giza. Projekta ya vijana wa Langoni ni ya kidijitali, haina kibao hicho. Lakini wazee wetu waliokuwa wakipanda mashua na basi kwenda kutazama picha Mombasa walilipa kiingilio kamili, na nusu ya stelingi, yaani mhusika mkuu, walimjaza wenyewe.

Jingine ni la Lev Kuleshov, Mrusi, miaka michache baada ya mapinduzi ya 1917. Alichukua uso wa mwigizaji Ivan Mozzhukhin, uso mtulivu usio na la kusema, akauunganisha mara na bakuli la supu, mara na maiti ndani ya jeneza, mara na mtoto anayecheza. Uso ni mmoja, haukubadilika hata kidogo. Mkanda wenyewe haupo tena. Tunaisikia habari kwa Kuleshov na mwanafunzi wake Pudovkin. Wanasema watazamaji walimsifu mwigizaji: alivyoitamani supu, alivyomhuzunikia marehemu, alivyomfurahia mtoto.

Yaani njaa ilikuwa ya watazamaji. Huzuni pia.

Nikairudia ile filamu ya Majidi peke yangu, kwa simu, nione kazi hiyo inavyofanywa. Baada ya mbio, kabla Ali hajafika nyumbani, kamera inaonyesha baiskeli ya baba yake njiani. Kwenye mzigo mna viatu, jozi mbili. Ni sekunde chache tu. Ali hajui. Anaingia uani kichwa chini, dada anamtazama miguu, anaelewa, anaondoka. Ali anavua raba iliyochanika na kutumbukiza miguu yenye malengelenge ndani ya birika la samaki. Filamu inaishia hapo. Baba hajafika, viatu havijatolewa, hakuna aliyekumbatiwa. Lile tunalolitaka kwa moyo wote Majidi amelinunua, akalipakia kwenye baiskeli, kisha akatunyima.

Usiku wa Langoni kuna aliyepiga kelele, "Baba'ke kanunua! Mwambieni baba'ke kanunua!" Shuka halisikii. Lakini nimewahi kukaa kwenye kumbi za kisasa za Nairobi, viti laini, watu wakitafuna bisi kimya kimya, na sijaona mtu akimjali mhusika kiasi cha kutaka kumpelekea habari.

## Waliosema hatutaelewa

Hapa nitatoka njiani kidogo, mnivumilie.

Mwaka 1939 serikali ya Uingereza iliunda idara iliyoitwa Colonial Film Unit, ya kuwatengenezea filamu watu wa makoloni. Mkuu wake, William Sellers, alikuwa amefanya kazi ya afya Nigeria, na alikuwa na nadharia yake: Mwafrika hajui kusoma sinema. Basi filamu ziende polepole, picha moja ikae muda mrefu, kusiwe na kuruka kutoka pahali kwenda pengine, kusiwe na ujanja wowote wa kamera. La sivyo, atachanganyikiwa.

Na watu wa pwani hawa hawa wakawa wanakaa kwa karibu saa tatu kutazama filamu za Kihindi, lugha wasiyoijua, zinazoruka kutoka shambani kwenda kasri kwenda mlimani katikati ya wimbo mmoja, na wanatoka wameelewa nani kamdhulumu nani tangu kizazi cha babu. Hakuna aliyechanganyikiwa. Nyimbo wakarudi nazo nyumbani, na leo kuna bibi zetu wanaoziimba neno kwa neno bila kujua maana ya hata neno moja.

Usiku ule tulikuwa na mtafsiri. Filamu ni ya Kifarsi, maandishi ya chini ni ya Kiingereza, basi kijana mmoja akapewa maikrofoni. Ana kipaji. Alimfuata DJ Afro, yule mtafsiri maarufu wa filamu, katika utani na kuwabandika wahusika majina ya mtaani, na nusu ya kwanza watu walicheka mno. Mbio zilipoanza alisema maneno mawili matatu. Kisha akasahau. Maikrofoni ilikuwa mkononi, kinywa wazi, naye anatazama kama sisi. Sikumwona mtu aliyemgeukia kumwambia endelea. Mimi mwenyewe sikutambua kwamba hakuna anayetafsiri mpaka ilipokwisha.

## Kanda za shangazi

Jibu nililolitaka kwa mwalimu, au karibu na jibu, nililipata kwa shangazi yangu, sikuliokota vitabuni.

Miaka ya 1980 video ziliingia Lamu, na wanawake wakawa wanakusanyika majumbani kutazama kanda za Kihindi alasiri, kazi zikishakwisha. Minou Fuglesang, mtafiti aliyekuja kuishi na wasichana wa mji huu enzi hizo, aliandika kitabu kizima juu ya habari hiyo. Shangazi yangu alikuwa mmoja wa waliokuwa wakitazama. Nikamuuliza kuhusu Mother India, ile ya mwaka 1957, ambamo mama aliyechezwa na Nargis anampiga risasi mwanawe mwenyewe kwa ajili ya heshima ya kijiji.

"Twalia sana," akasema. "Tukiimaliza, twairudisha nyuma tulie tena."

"Shangazi, mtu hayupo, mwana hayupo, mwamlilia nani?"

"Kwani wewe wadhani namlilia Nargis? Nargis ana pesa zake."

Akaendelea kuchambua mchele, hanitazami.

"Nyumba ile ilijaa watu, mwanangu, kila mmoja na lake. Ukilia bure bure utaulizwa. Una nini? Mumeo kakufanya nini? Nani kakusema? Ukijibu, kesho mtaa mzima wajua. Lakini picha ikiwa inacheza, lia utakavyo. Hakuna akuulizaye. Kila mtu ajua walilia nini: yule mama kamuua mwanawe."

"Na wewe ulikuwa ukilia nini?"

Hapo ndipo aliponitazama.

"Sikukwambia hakuna akuulizaye?"

Nimeyapindua maneno hayo kila upande tangu siku hiyo. Tumezoea kusema kwamba sinema inatuingizia huzuni, inatutia furaha, inatupa moyo, utadhani tumekwenda pale tukiwa watupu. Shangazi anasema wamekwenda wamejaa. Picha ni sitara tu. Mbele kuna msiba wa watu wengine, mkubwa, una muziki, unaonekana na wote. Nyuma yake kila mmoja anapitisha wake bila kuulizwa. Mji kama huu wetu, ambapo vichochoro ni vyembamba na kila dirisha lina sikio, hauna sehemu nyingi za namna hiyo.

Ndiyo maana nahodha hakujificha. Hakuwa na haja. Alikuwa na sababu nzuri inayong'aa ukutani, urefu wa mita mbili. Labda alikuwa anamlilia nduguye. Labda aliwahi kuwa na miaka tisa na kukosa viatu. Sijamuuliza na sitamuuliza.

Nikajieleza pia kwa nini ile raundi ya simu haikunigusa vile. Nilikuwa chumbani mwangu, mlango umefungwa. Nilikuwa namficha nani, nijisitiri kwa nani?

## Mwalimu hakukubali

"Basi ni kichaka cha kujifichia," akasema. "Na hilo neno lenu la filamu kumpa mtu moyo?"

Nikampa Supa Modo aitazame, ya Likarion Wainaina, ya mwaka 2018. Ndani yake mtoto aitwaye Jo ana ugonjwa usiotibika, anapenda mashujaa wa filamu, na kijiji kizima kinajikusanya kumtengenezea filamu ambayo shujaa ni yeye. Nilidhani hapo nimemfunga. Watu wa kijiji wanajua wazi kwamba filamu haiponyi. Mama yake Jo mwanzoni ana hasira ile ile ya mwalimu: mtoto anakufa, nyinyi mwacheza? Na bado wanashona vazi, wanagawana kazi, wanaacha shughuli zao. Wanafanya kitu kwa pamoja ambacho pasingekuwa na filamu wasingekifanya. Kila mmoja angempelekea mgonjwa machungwa yake na kurudi kwake.

Mwalimu aliirudisha baada ya siku mbili tatu. Akaniambia hadithi yenyewe si mbaya. Akaongeza kwamba watu wa kijiji kile walikuwa wameacha shughuli zao kabla ya filamu kuwapo, kwa hiyo kilichowainua ni mtoto, siyo sinema.

Bado tunabishana. Hata hivyo nakiri kwamba sijaona mtu aliyetoka kiwanja cha Langoni akawa mwingine. Watoto pekupeku wangali pekupeku, ingawa hapa kwetu mtoto pekupeku mara nyingi ana viatu nyumbani na hataki tu kuvivaa.

## Karibu mno

Nilidhani nimeielewa sitara mpaka tulipotazama Vuta N'kuvute.

Hiyo ni filamu ya Amil Shivji, ya mwaka 2021, kutoka riwaya ya Adam Shafi. Zanzibar ya miaka ya 1950, kwa Kiswahili. Yasmini, msichana wa Kihindi aliyeozwa kwa mume mzee asiyemtaka, anatoroka, naye Denge anapambana na ukoloni. Ni nzuri kwa macho: kuta zile, maji yale, mwanga wa jioni ndani ya vyumba virefu. Nilikaa na jamaa zangu wengi, wake kwa waume, nikingojea kuona tutakavyoguswa na watu wanaosema kama sisi.

Tulicheka pasipochekesha.

Kila kona mtu alikuwa na la kusema. Mlango ule kama wa fulani. Khanga ile ya zamani, marehemu bibi alikuwa nayo. Msichana alipotoroka kwa mumewe, binamu yangu mmoja akasema, "Kama..." akaanza jina, akalimeza. Sote tulijua ni jina gani. Mdogo wake mwenye jina alikuwa amekaa hapo hapo kwenye mkeka, ameinamia simu. Mtu akainuka ghafla kwenda kuinjika chai ambayo hakuna aliyeiomba.

Hakuna aliyelia. Nani angethubutu? Angelia tu, sote tungejua ni kwa ajili ya nini.

Hapo ndipo niliposhika kitu nilichokuwa sikukifikiria: umbali una kazi yake. Tehran ni mbali, kijiji cha Nargis ni mbali, na ule umbali ndio upana wa pazia. Wenye kuandika juu ya filamu za Afrika husisitiza kwamba tunahitaji hadithi zetu, kwa lugha yetu, zenye nyuso zetu. Nami nasema ndiyo, kwa mikono miwili; nimechoka kuona Lamu ikitumiwa na wageni kama ukuta mzuri wa kupigia picha, punda wanapita, jahazi linapita, wenyeji hawana hata sentensi. Lakini hadithi zetu hazitatufariji kama zile za mbali zilivyotufariji. Zitatukalisha uso kwa uso. Hiyo ni kazi nyingine, na pengine ndiyo kazi ambayo mwalimu amekuwa akiidai muda wote bila kujua anaidai kwa nani.

## Sasa iletwe ipi?

Vijana wanataka usiku mwingine kabla upepo haujazidi kuwa mkali. Wamegawanyika. Mtafsiri wetu anataka ya kung fu, ili apate kusema bila kukatizwa na machozi. Wawili wanataka Vuta N'kuvute, kwa hoja kwamba ni aibu kuanza na Iran kabla ya Unguja. Mimi niliwaunga mkono hao, nikatoa hotuba ndefu kidogo.

Mwalimu, kwa mshangao wangu, alisema akija ataleta kiti chake.

Kisha darini wakaleta ujumbe, kwa kinywa cha shangazi, kwamba safari hii wanawake wametoa mchango mkubwa wa mafuta ya jenereta kuliko sisi na kwa hiyo wana haki ya kuchagua. Wanataka ya Kihindi, ndefu, yenye nyimbo, isiyo na tafsiri.

Nikapanda kumshawishi. Nikamwambia shangazi, hii nyingine ni ya kwetu, wanasema Kiswahili safi, utaipenda.

"Ya kwetu tuleteeni siku nyingine, mchana," akasema. "Hiyo ni ya kuzungumza. Usiku tuleteeni ya Wahindi."